Hayupo, Lakini Subiri

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo siitaji jina kwa kuwa sijapewa kibali cha kulitaja, palikuwa na serikali, na mimi nilikuwa mapokezi. Mpaka leo niko mapokezi. Naitwa Bi Zuwena, na meza yangu ndiyo ya kwanza ukiingia Wizara ya Uhakika, mkono wa kushoto, karibu na tangi la samaki. Samaki wenyewe walikufa siku nyingi, ila idhini ya kuwatoa bado haijashuka.

Kazi yangu watu huidharau. Wanadhani mtu wa mapokezi hupokea. Kupokea hata mlango unaweza. Kazi yangu mimi ni neno moja, nalo ni "hayupo". Mgeni anaingia na jasho lake, anamuulizia mkubwa, namtazama kwa huruma, namwambia, "Mkubwa hayupo, njoo kesho." Nyuma yangu mkubwa anacheka na simu mpaka vioo vinatetemeka. Mgeni anasikia, mimi naona kwamba anasikia, na hakuna kati yetu anayekosa adabu ya kulitaja jambo hilo. Ndio ustaarabu wetu huo. Kila mtu kwetu anajua kwamba hayupo maana yake yupo, ila si kwa ajili yako. Siku mkubwa akiwa ametoka kweli, hapo nasema, "Hayupo, lakini subiri," maana asiyekuwepo hana la kuhofia kwa mtu anayesubiri.

Shika hilo, litakufaa mbele.

*

Ninayetaka kukusimulia habari zake ni kijana mmoja, Shaweji Kilindo. Mama yake ni fundi cherehani mtaa wa Kisimani, na hana mtoto mwingine. Siku ya kwanza kuja kwangu alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamuuliza habari za siku nyingi ingawa hatukuwa tumeonana hata siku moja. Akasema, "Nipo nipo tu, mama."

Nikajua hana kazi. Mwenye kazi husema yuko mbioni. Ni asiye na kazi tu ndiye aliye nipo nipo.

Alikuwa ametoka kumaliza shahada ya uzamili ya kompyuta, na alichokitafuta ni kazi ya kuunda programu. Nikamuuliza kama ndiyo kupiga chapa. Hakunicheka. Alisema kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi na mjinga kupita kiasi, ukimpa neno atalitekeleza lilivyo, kwa hiyo kazi yake yeye ni kuchagua neno. Nikamwambia basi sisi ni watu wa kazi moja, nikamwambia na mkubwa hayupo, aje kesho.

Alikuja kesho, na kesho yake. Nami nilimzoea, ndiyo maana nilizijua safari zake zote. Benki moja ilimwambia amesoma mno, nyingine ikamwambia hajasoma vya kutosha, na zote mbili zilikuwa jengo moja. Kampuni moja ilimtaka awe na uzoefu wa miaka kumi katika programu iliyozaliwa mwaka juzi. Nyingine ilimpa mtihani wa usaili: awatengenezee mfumo wao mzima wa kupokea wateja. Akautengeneza usiku na mchana, wakaupokea, wakautumia, kisha mfumo huohuo ukamtumia ujumbe kwamba nafasi imeshajazwa. Alinisimulia hayo huku akitabasamu, lakini lile shati safari hii halikuwa limenyooka.

*

Sasa nchi yetu ilikuwa na aibu moja: haikujua ina watu gani. Ndipo ukanunuliwa Mtambo wa Ukweli kutoka ng'ambo, pamoja na wataalamu wake wa kigeni, waliokuja ndani ya bei kama vipuri. Sheria ikapitishwa asubuhi moja kwamba litakalosemwa na Mtambo ndilo la kweli, na litakalokuwa tofauti na Mtambo lirekebishwe. Bunge lilipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kirekebishwe kipi, Mtambo au hilo lingine.

Wale wageni ni watu wa makini. Waliuliza Wizara: hili neno hayupo, maana yake hasa nini? Kamati ikaundwa, ikaenda hotelini kukaa faragha na kamba wa kukaanga, ikarudi na jibu lililopigwa muhuri: "Yupo ni aliyepo. Hayupo ni yule ambaye si yupo." Wageni wakashukuru. Wakaelewa, kama ambavyo mgeni yeyote angeelewa, kwamba hayupo ni mtu ambaye hakuna mtu kama huyo.

Maafisa wakatawanywa nchi nzima na vishikwambi vyenye vitufe viwili. Walipita mchana, saa za kazi, kwa kuwa ni watumishi wa serikali. Wenye kazi walihesabiwa kazini. Wagonjwa walihesabiwa vitandani. Wanaotafuta kazi hawakuwa kazini wala nyumbani, walikuwa njiani, na njiani hakukupangiwa afisa. Pale Kisimani afisa alimuuliza mama, Shaweji Kilindo yupo? Mama, na pini mdomoni, akajibu, "Hayupo, mwanangu. Katoka tangu asubuhi, kaenda kuhangaika." Afisa akabonyeza kitufe, akanywa chai aliyokaribishwa, akamwombea mama heri.

Matokeo yalimfurahisha kila mtu aliyeonekana. Mlezi Mkuu wa Taifa alisimama uwanjani, akakohoa, uwanja mzima ukakohoa naye, kisha akatangaza kwamba Mtambo umewatafuta watu wasio na kazi katika nchi hii na haukumpata hata mmoja. "Mataifa mengine yanapambana na ukosefu wa ajira," alisema. "Sisi tumeutafuta ili tupambane nao, tumeukosa." Ubao mkubwa wa taa ukasimikwa katika mzunguko wa barabara mbele ya Wizara: WASIO NA KAZI, na chini yake sifuri, nene na nyekundu. Watu waliokuwa wakizunguka na bahasha zao walipita chini ya ubao huo wakiinamisha vichwa.

Kikaundwa pia Kitengo cha Ulinganifu, cha kuhakikisha nchi inalingana na Mtambo. Kina gari jeupe, safi sana, na vijana wenye heshima wanaovua viatu mlangoni. Hupita katika nyumba ambazo Mtambo unasema mtu fulani hayupo. Wakikuta kweli hayupo, huaga na kwenda zao. Wakimkuta yupo, humlinganisha.

Usiniulize kulinganishwa ndiyo kufanywaje. Mimi ni mapokezi. Ninachojua ni kwamba gari lile huenda limejaa na kurudi na nafasi, na mtaani watu wameacha kuulizana "Upo?" wanapokutana. Siku hizi hutazamana tu, wakapita.

*

Yote hayo yangekwenda vizuri lau Waziri wetu, Mheshimiwa Ngwamba, asingekuwa mbunifu. Aliamuru simu zote za ofisi za serikali ziunganishwe na Mtambo, uwe unasikiliza mwenyewe nani yupo na nani hayupo, ili ukweli usichache. Mimi sikushauriwa. Niliendelea na kazi yangu kwa bidii ileile.

Haikupita muda, lifti ikamkataa Mheshimiwa. Alibonyeza, ikanyamaza. Geti likalikataa gari lake, na kile kipaza sauti cha getini, kwa sauti ya upole ya kike, kikasema kwamba Mheshimiwa Ngwamba hayupo, dereva aje kesho. Wakati huohuo Wizara ya Kilimo yote, kuanzia waziri mpaka naibu wa naibu, ilikuwa haipo. Hazina haikuwepo. Wakuu wote wa nchi walikuwa wamefutika mmoja mmoja, na kila aliyefutika alikuwa amefutwa na mtu wake wa mapokezi, kwa uaminifu. Niseme kweli, nilijisikia fahari kidogo. Nilikuwa nimesema neno hilo miaka yote na sikujua kama lina nguvu.

Wale wageni wa Mtambo walipopigiwa simu walisema hawaoni kosa, Mtambo unafanya kama ulivyoambiwa. Halafu gari jeupe likaonekana likipita taratibu mtaa wa mawaziri, likisoma namba za nyumba. Gari lile halichagui. Mheshimiwa alikuja mezani kwangu kwa miguu, kupitia ngazi, tai imekaa upande, akaniuliza kama simjui mtu yeyote anayejua haya mambo ya kompyuta. Nikamwambia yupo kijana, amekuja kukutafuta mara nyingi, nami nimemwambia hupo.

*

Usaili ulifanyika siku ileile. Mimi niliingia kupeleka maji, nikasahau kutoka. Jopo lilikuwa la wakubwa waliofutika, na walikuwa na haraka, lakini utaratibu ni utaratibu. Mmoja alimuuliza Shaweji kama kompyuta ikizimika ataithibitishia kamati kwamba si serikali iliyoizima. Mwingine alitaka kujua uzamili ndiyo kuzamia meli. Wa tatu akamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo, swali ambalo wote walilitikisia kichwa kwa hekima. Kisha jina lake likaingizwa kwenye Mtambo, na skrini ikaandika: HAYUPO.

Kijana alilitazama neno lile kwa muda. "Kwa hiyo mimi sipo?" aliuliza.

"Kiserikali, hupo," alisema Mheshimiwa Ngwamba. "Usisikitike. Hata sisi hatupo. Ndiyo maana tunaelewana."

Wakamweleza kwamba kwa kuwa hayupo, hawezi kupewa barua ya ajira wala kitambulisho. Lakini akiuweka Mtambo sawa, siku wakubwa watakaporudi kuwepo, atarudishwa pamoja nao, na hapo atapata kiti, meza, na jina lake mlangoni. Mheshimiwa aliweka mkono kifuani alipoahidi hayo. Shaweji alipotoka, midomo ilikuwa imemkauka. Aliniambia, "Bi Zuwena, gari lile limeshafika mtaa wa nyuma yetu." Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuniambia hivyo. Alisema lazima aumalize kabla halijageuka kona.

Siku hiyo alipita kwanza nyumbani kumwambia mama yake. Alimweleza kwamba neno lake lilieleweka vibaya, kwamba kwa watu hayupo ni aliyetoka na atarudi, lakini kwa Mtambo hayupo ni aliyekwisha. Mama yake alikaa chini, akakishika kitambaa alichokuwa akikishona, akakishika tu. "Nimekuua mwenyewe, na mdomo wangu," alisema. Kijana akamwambia hakumuua, wala asilie, ila kuanzia sasa mtu yeyote wa serikali akija akimuulizia, asiseme hayupo tena hata kwa bahati mbaya. Aseme yupo, ili safari hii Mtambo umwandike. Mama akalirudia neno hilo huku anapika, huku anashona, yupo, yupo, mpaka majirani wakadhani anaimba.

*

Alifanyia kazi nyuma ya meza yangu, kwa kuwa asiyekuwepo hapewi chumba. Nilimpelekea chai na chapati. Sijui aliandika nini, lakini alinieleza kwa maneno ya kawaida: ule Mtambo ulikuwa na vyumba viwili, cha walio hai na cha wasiokuwako, naye anaongeza cha tatu katikati. Chumba hicho alikiita "Ametoka, atarudi". Ndiyo maana halisi ya hayupo, alisema, na kila mtu wa nchi hii anaijua isipokuwa waliouliza.

Wallahi, nilitaka kulia. Miaka yote nimelisema neno hilo na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lina wema ndani yake.

Alipomaliza, alimwonyesha Mheshimiwa. Mheshimiwa akabonyeza jina lake mwenyewe: Ametoka, atarudi. Akaenda kwenye lifti, ikafunguka. Alirudi amesimama wima, tai imenyooka, sauti yake nzito imerudi mahali pake. Akampongeza kijana kwa niaba ya taifa, kisha akasema chumba cha tatu kiwe cha wakubwa peke yao. Hawa wengine wabaki walipo.

Shaweji alidhani hajasikia vizuri. Alisema hawa wengine ni watu, wanatafuta kazi tu, wako barabarani hapo nje. Yeye mwenyewe ni mmoja wao, na aliahidiwa.

"Kijana, wewe ni msomi," alisema Mheshimiwa, kwa upole kabisa. "Nikiwarudisha hao, ule ubao utasoma nini?"

Kijana aliangalia dirishani, kwenye sifuri ile nyekundu. Mheshimiwa akamwambia suala lake binafsi litaangaliwa, akaingia ofisini, akafunga mlango. Nami simu ilipolia nikasema mkubwa ametoka, atarudi, kama tulivyoelekezwa.

Shaweji akavuta kile kibodi, akaandika mstari mmoja, mfupi. Akauzima mwanga wa skrini, akakunja mikono ya shati, akaniaga vizuri. Aliniambia anaenda kula nyumbani, hajala na mama yake siku nyingi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

*

Mara ubao ukaanza kusogea. Sifuri ikawa moja, moja ikawa kumi, kisha tarakimu zikawa zinakimbia, taa zikaishiwa nafasi na namba ikaendelea kuandikwa juu ya jina la mkandarasi. Magari yakasimama. Watu wa bahasha wakatoka kila upande, wakasimama chini ya ubao wameinua vichwa. Sikusikia kelele. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa akiionyesha ile namba kwa kidole, akiwaambia walio karibu naye, kwa sauti ya kawaida, kwamba na yeye yumo mle. Mwanamke mmoja akaanza kulia, na aliye karibu naye akamshika bega. Nilisimama dirishani nikatazama, na nadhani hata mimi nilitabasamu. Kama kuna anayeuliza, nilikuwa nafuta kioo.

Kisha umeme ukakatwa mji mzima. Wale wageni wakaamshwa kwenye mapumziko yao ya mchana. Walikuwa na nakala ya Mtambo ya siku ile walipouleta, wakairudisha kama ilivyokuwa, wakawaingiza wakubwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa kusomewa majina. Umeme uliporudi, sifuri ilikuwa pale pale, nene na nyekundu. Wale watu waliendelea kusimama kidogo wakiitazama, halafu wakaanza kuondoka, kila mtu na njia yake. Mlezi Mkuu alitangaza redioni kwamba taifa lilipata homa ya muda mfupi na limepoa.

Mheshimiwa akatoka ofisini kwake, akaniambia nichukue pochi yangu. Alisema nina sauti inayoaminika, na namjua kijana kwa sura. Nikauliza kama nitarudi kabla ya saa ya kutoka kazini. Akasema ni mwendo mfupi tu.

Gari lile ndani lina viti laini, na linanukia limau. Vijana wa Kitengo walikuwa na adabu, mmoja alinifungia mkanda. Tulifika Kisimani jua bado liko juu. Nilisikia cherehani kabla sijauona mlango, na harufu ya nazi. Wakavua viatu. Wakanisogeza mbele, nikabisha hodi.

Mama Shaweji alitoka na futi ya kupimia nguo shingoni. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini macho yalikuwa yale yale ya mwanawe. Nilimsalimia. Ulimi wangu ulikuwa mzito, sijui kwa nini, labda ni lile limau. Nilikuwa nikimwombea kimya kimya alikosee lile somo alilofundishwa, aseme neno langu, neno la siku zote, lile la kila mlango wa nchi hii. Nikamuuliza, "Mama, Shaweji yupo?"

Uso wote ukamfunguka.

"Yupo," alisema. "Yupo, mwanangu, anakula. Yupo kabisa. Karibuni ndani."

*

Mama Shaweji alikuja Wizarani asubuhi yake. Alikuwa amebeba shati jeupe juu ya mkono, limenyooshwa, na kopo la wali lililofungwa kwa kitambaa. Alinitambua, akanishukuru kwa kumpeleka mwanawe kazini kwa gari zuri vile. Aliambiwa na majirani mengine, lakini hakuwasikiliza, maana alituona kwa macho yake tumevua viatu. Akaniuliza, Shaweji yupo?

Nilifungua mdomo niseme njoo kesho. Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote, yanatoka yenyewe. Hayakutoka. Yalitoka mengine.

"Hayupo," nilimwambia. "Lakini subiri."

Akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Mwenyewe alinieleza. Hayupo maana yake katoka, atarudi." Akaketi kwenye benchi, karibu na tangi la samaki, shati akalilaza magotini lisikunjike.

Mpaka sasa bado amekaa hapo, na kila mlango wa lifti ukifunguka huinuka kidogo. Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikikupendeza, ni ya Wizara. Ikikuuma, na wakija kukuuliza nani kakusimulia, mimi sikuwepo.